Kurudisha rimu za aloi zilizoliwa na chumvi: mwongozo kwa gari la Mombasa

Chuchumaa karibu na gurudumu la gari lililokaa pwani miaka mitatu minne, jua likiwa limelala upande. Kwenye ukingo wa rimu, au kuzunguka kile kifuniko cha katikati, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikitambaa kama mizizi ya nyasi. Pitisha ukucha juu yake: hauziondoi, kwa sababu nyuzi ziko chini ya klia, ile vanishi angavu ya juu. Sasa bonyeza pale uzi ulipoanzia. Klia inabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kuna unga mweupe mkavu. Unga huo ni alumini iliyokwisha kuliwa.

Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Huanzia palipo na jeraha: jiwe lililoruka, ukingo wa barabara uliokwaruza rimu wakati wa kuegesha, au kile kibanio cha chuma cha uzito wa balansi kilichogongwa kwa nyundo ukingoni. Chumvi na unyevu huingia hapo. Kila uzi una kichwa na mkia. Kichwani mna tone dogo la maji ya chumvi, limegeuka asidi, nalo hula alumini iliyo mbele yake na kusonga. Nyuma yake mkia unakauka na kuwa unga. Chumvi iliyomo kwenye tone hilo haimaliziki. Inasafiri na kichwa, inaendelea kula. Kutu ya namna hii hustawi zaidi unyevu wa hewa unapokuwa kati ya asilimia 75 na 95, na sisi wa Mombasa hewa hiyo ndiyo tunayolala nayo.

Kwa hiyo kupuliza rangi ya silva juu ya nyuzi hizo ni kazi bure. Kijana mmoja wa teksi anayevuka kwa feri ya Likoni kila siku aliniletea rimu nne akaniambia, "Ami, nipigie silva tu juu, kesho nataka kurudi kazini." Nikamwambia, "Mwanangu, chumvi ukiifunika umeifuga." Alikasirika kidogo, lakini aliziacha.

Nalijua hilo kwa sababu lilinipata. Rimu zangu za kwanza zilikuwa za Toyota Fielder. Nilizipiga msasa mpaka mkono ukafa ganzi, nikazisuuza kwa maji ya kisima cha uani, nikazikausha, nikapiga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi na klia. Zilitoka nzuri sana. Haikufika miezi minne, nyuzi zikarudi palepale. Maji ya kisima kile ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya kisiwani. Nilikuwa nimeondoa chumvi ya barabarani nikapaka ya kisimani, kisha nikaifungia ndani kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo, rimu iliyokwisha kubambuliwa haiguswi na maji yoyote ila maji matamu, hata kama ni ya kununua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Ukisahau yote mengine humu, hili usilisahau.

Kwanza, je, rimu inafaa?

Zioshe, zikague kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa. Tafuta ufa, hasa upande wa ndani na pale miguu ya rimu, ile inayotoka katikati, inapoungana na pipa, yaani ule mduara unaovikwa tairi. Rimu yenye ufa au iliyopinda si ya kupakwa rangi. Mpelekee mtu wa kazi hiyo aseme kama inanyooka au ni ya kutupwa. Puti, ile ya kujazia mashimo, ikifunika ufa, hakuna atakayeuona mpaka siku rimu ikatike njiani.

Kisha tazama uso wake. Kama uso unang'aa na ukiuinamia unaona mistari myembamba sana ya duara, kama ya sahani ya santuri, huo umekatwa kwa mashine ya kukereza na kupigwa klia moja kwa moja juu ya alumini tupu. Mistari ile huwezi kuirudisha kwa mkono. Ukiamua kuzipiga rangi nzima zitapendeza, ila sura ya zamani uiage. Nami husema hivi waziwazi: alumini tupu chini ya klia ndiyo inayoharibika upesi kuliko zote huku pwani, kwa hivyo kupiga rangi si hasara. Rimu za kroma nazo usizisage kabisa. Vumbi lake lina sumu na kazi yake ni nyingine.

Usidhani pia kwamba gari lililoshuka juzi bandarini ni salama. Magari ya kutoka Japani huruhusiwa kuingia Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka minane, na yale yaliyotembea kaskazini mwa Japani yamepita misimu mingi ya barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Nyuzi huwa zimeshaanza kabla gari halijaiona bahari yetu.

Vitu vya kuwa navyo

Msasa wa maji namba 120, 180, 240, 320, 400 na 600. Brashi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Dawa ya kubambua rangi. Praima ya asidi ya kushika alumini, au praima ya epoksi. Chagua moja, usiweke epoksi juu ya ile ya asidi, kwa maana nyingi hazipatani. Rangi ya rimu, klia ya sehemu mbili yenye hadena yake, ile dawa ya kuigandisha, dawa ya kufutia mafuta inayouzwa maduka ya rangi za magari, vitambaa vyeupe vya pamba, tepu ya karatasi, glavu, miwani na barakoa ya chujio. Ukitumia makopo ya kupuliza, kwa rimu nne za inchi 15 mimi hupanga praima makopo mawili, rangi matatu na klia matatu.

Acha steelwool ya jikoni na brashi ya waya iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida. Chembe za chuma hubaki zimezama ndani ya alumini, na chuma kikikutana na alumini penye maji ya chumvi, anayeliwa ni alumini.

Toa tairi

Fanya rimu mbili mbili, na gari likalie stendi za chuma, sio jeki wala mawe. Peleka magurudumu kwa fundi wa panchari mwenye mashine atoe tairi. Najua wengi hupuliza rangi tairi likiwa ndani, wamelipaka mafuta ya mgando au kulifunika kwa magazeti. Lakini kutu hujificha zaidi pale midomo ya tairi inapokalia. Kama una tairi linalopoteza upepo kidogo kidogo na panchari haionekani, mara nyingi sababu ni huo unga mweupe uliojaa chini ya mdomo wa tairi. Ukitoa tairi unatibu magonjwa mawili kwa mara moja. Mwambie pia fundi aondoe vyuma vyote vya balansi.

Kuosha

Osha kwa sabuni ya gari na brashi laini, mbele na nyuma. Vumbi la breki lililogandia upande wa ndani hutolewa na dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ile inayogeuka rangi ya zambarau inapofanya kazi. Usikubali asidi ya kuoshea rimu inayotumiwa na baadhi ya wanaoosha magari. Huingia chini ya klia iliyopasuka na kuongeza ugonjwa. Soda kali ya kuzibulia mabomba ni mbaya zaidi. Alumini huchemka ndani yake, huku ikitoa hewa inayoshika moto.

Kubambua klia na rangi ya zamani

Kama nyuzi ziko sehemu moja ndogo unaweza kupiga msasa hapo tu, ukivuka ukingo wa kutu kwa sentimita mbili hivi ndani ya klia nzima. Ila klia yenye umri huo, ikifa mahali pamoja, pengine haichelewi. Mimi naona heri kuibambua yote.

Fanya kazi hii nje, upepo ukipita, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa. Paka dawa kwa brashi, nene, upande mmoja kisha uache; usirudierudie. Kwa joto letu dawa hukauka kabla haijala rangi, kwa hivyo funika rimu kwa karatasi ya plastiki, weka kivulini dakika 20 hadi 30. Ukifunua utaona klia imevimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu. Palipobaki, rudia. Kisha suuza sana, kwa maji matamu.

Usibambue kwa moto, iwe jiko la makaa au mtungi wa gesi. Aloi ya rimu ilipewa nguvu zake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukiichoma ovyo inalainika, na macho hayaoni tofauti yoyote.

Kuitoa kutu yenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usiwe na haraka. Anza na msasa namba 120 uliolowa palipoliwa, namba 180 kwingine. Tumia maji ili vumbi lisiruke. Vumbi kavu la alumini ni baya kwa mapafu na huweza kushika moto, basi usilisage karibu na grinda inayorusha cheche.

Baada ya dakika chache uso utang'aa na utadhani umemaliza. Usidanganyike. Suuza, kausha, sogeza rimu juani na utazame kutoka ubavuni. Utaona vitone vyeusi au vya kijivu, vidogo kama ncha ya sindano. Kila kitone ni shimo, na ndani yake mna unga na chumvi. Chimbua kwa ile brashi ndogo, au kwa ncha ya kijiti kigumu kilichofungiwa msasa, suuza, piga msasa tena. Endelea mpaka kila shimo lionyeshe alumini safi chini kabisa. Shimo safi, hata likiwa na kina, halina neno, maana praima na puti zitalijaza. Hatari iko kwenye shimo chafu, liwe dogo kiasi gani.

Zikiisha, panda namba: 180, 240, kisha 320. Usiruke, kwa sababu mikwaruzo ya 120 huonekana wazi chini ya silva. Mahali pa kukalia midomo ya tairi pasafishe kwa brashi na msasa mpaka pawe laini, bila kulazimisha kula chuma kizima.

Sasa loweka. Itumbukize rimu kwenye maji matamu au uimwagie, acha nusu saa, mwaga, rudia mara mbili. Chumvi iliyo ndani ya mashimo haitoki kwa kumwagiwa mara moja. Inahitaji muda wa kuyeyuka.

Alama za kukwaruza ukingo wa barabara zijaze kwa puti ya epoksi yenye unga wa alumini, ikikauka uipige msasa 180 halafu 320. Puti ni ya urembo wa mbele tu. Isiwekwe pa kukalia tairi, wala sura ya nyuma inayogusa habu, kile kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa, wala kwenye matundu ya nati.

Kufuta mafuta, na jaribio la maji

Mwaga maji matamu juu ya uso uliokwisha kusuguliwa. Yakitandaa kama shuka moja, pamesafika. Yakijikusanya matone matone, pana mafuta. Futa kwa dawa, jaribu tena. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, vyote huacha utando wake. Rangi ikipigwa juu ya mafuta hufanya vijishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki, na dawa yake ni kuanza upya.

Ukisharidhika, kausha kwa hewa, futa mara ya mwisho kwa dawa na kitambaa cheupe, na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja nalo ni chumvi.

Ziba kwa tepu: sura ya nyuma inayokaa kwenye habu, tundu la katikati, tundu la valvu, na vikombe vya nati, yaani yale mashimo nati zinapokalia. Kwenye vikombe hivyo mimi husokota karatasi nikaingiza. Rangi ikikaa pale, nati hukaza rangi badala ya kukaza chuma. Rangi inasagika, nati inalegea.

Saa ya kupiga rangi

Mombasa saa ya kupiga rangi ina uzito sawa na rangi yenyewe. Asubuhi na mapema chuma kimelala na ubaridi wa usiku, hewa imejaa maji, na umande usioonekana umekaa juu ya rimu. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, nayo inapopaa hupoza uso zaidi. Matokeo yake klia inapata ukungu mweupe kama maziwa, au praima inafunga unyevu chini yake. Kanuni ya kawaida ya wapaka rangi ya chuma ni unyevu usiozidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutuama. Kama huna kipimo, anza saa nne asubuhi siku kavu, rimu ikiwa imepata joto la jua kidogo lakini kazi yenyewe ikifanyika kivulini. Maliza kabla upepo wa baharini wa alasiri haujashika kasi, kwa maana unabeba chumvi na vumbi. Siku ya mvua za masika, ahirisha. Kwa bunduki ya rangi, omba thina ya polepole, inayofaa joto.

Kutoka kufuta mafuta hadi praima zisipite saa chache. Usiziache mpaka kesho, alumini tupu hainusuriki na usiku wa pwani.

Praima ya asidi ni mkono (tabaka) mmoja au miwili, myembamba, karibu uone chuma kwa chini. Unene hauisaidii. Ukitaka kujaza mikwaruzo, ongeza juu yake praima ya kujaza inayopatana nayo, ikikauka pitisha msasa wa maji namba 400 hadi 600 na kufuta tena. Rangi: mikono miwili au mitatu, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 mbali, dakika kama 10 kati ya mkono na mkono. Anza na kingo za ndani za miguu ya rimu, ambako rangi hukosa, ndipo umalizie usoni. Usisahau pipa la nyuma. Kutu haina habari na upande unaoonekana.

Klia

Klia ya kopo la kawaida, isiyo na hadena, haidumu rimuni. Tone la petroli au mafuta ya breki huilainisha. Inayofaa ni ya sehemu mbili, iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mikono miwili. Lakini nakuomba usichukulie hili kirahisi. Hadena ile ina kemikali za aina ya isosayaneti, ambazo mvuke wake huweza kuharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, peleka rimu zikiwa zimeshapigwa rangi kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia, umlipe kwa klia peke yake. Kazi ngumu utakuwa umeshaimaliza wewe. Watoto wasiwe karibu, wala usipulizie kwenye korido ya nyumba.

Mahali pa kukalia tairi paache na praima na rangi nyembamba tu. Utando mnene pale humenyeka tairi linapoingizwa.

Kurudisha garini

Baada ya saa 24 unaweza kuzishika. Mashine ya tairi isizione kabla ya siku saba, kwa sababu klia ngumu kwa kidole bado ni laini kwa chuma. Mwambie fundi wa tairi abalansi kwa vizito vya kubandika upande wa ndani. Vile vya kugonga ukingoni ndivyo vilivyoanzisha ugonjwa, usivirudishe. Simama karibu naye uone kichwa cha mashine kimevikwa plastiki.

Sugua kutu ya habu, paka grisi, utando mwembamba tu, pale rimu inapokalia. Studi ziache kavu. Kaza nati kwa mkono kwanza, kisha kwa kuruka upande wa pili kila mara, sio kuzunguka. Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103. Gari lingine angalia kitabu chake. Baada ya kilomita 80 hadi 100 rudia kukaza.

Mwezi wa kwanza osha kwa maji matamu, sabuni na kitambaa tu, bila mashine ya maji ya nguvu. Ukishuka feri ya Likoni maji yakiwa yamejaa na mawimbi yamerukia magurudumu, zimwagie maji jioni ileile, ndoo moja yatosha kwa zote nne. Na kila unapoosha gari, pitisha kidole ukingoni mwa rimu. Ukikuta jiwe limechuna klia, futa, kausha, gusia rangi na klia kwa brashi ndogo siku hiyohiyo, kabla chumvi haijaingia.